Neno refu la Kiingereza lihesabie mkiani

Swali: "Mwalimu shikamoo. Mimi ni nesi, nipo Mwanza, najiandaa na IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza. Kusoma na kuandika sina shida, shida ni kuongea. Nikikutana na neno refu sijui nilikate wapi wala mkazo niuweke wapi, mwenzangu akinisikiliza anasema naongea Kiingereza kwa mdundo wa Kiswahili. Je kuna kanuni au ni kukariri tu neno moja moja? Yanayonisumbua zaidi ni catheter, anaesthetic, tuberculosis, emergency na physiotherapy. Na je ni lazima niongee kama mzungu?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kujipanga. Nianze na la kukutoa hofu: kanuni zipo, tena hayo maneno marefu unayoyaogopa ndo yenye kanuni kuliko mafupi. Neno la silabi mbili linaweza kukusumbua maisha, ila neno la silabi sita lenye mkia unaoujua, yaani zile herufi za mwishoni kama -tion, unaliweza hata kama hujawahi kulisikia. Nitaeleza kwa kirefu maana nimefundisha watu wa afya miaka mingi na najua mnapokwama ni palepale.

Kwanza tuangalie mdomo wako unafanya nini, maana haufanyi kosa la ovyo, unafuata sheria. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Ki-TA-bu. Ukiongeza -ni mkazo unahama wenyewe, ki-ta-BU-ni, hakuna aliyekufundisha na hukosei hata ukiwa usingizini. Yapo maneno machache yanayokataa, kama barabara: ya magari ni ba-ra-BA-ra, ila kitu kikiwa sawasawa unasema ba-RA-ba-ra, na hapo hapo unaona mkazo peke yake unavyoweza kubadilisha maana. Lakini hayo ni ya kuhesabu, mengine yote yanatii. Sasa mdomo uliokua hivyo ukipewa neno geni unalipitisha kwenye sheria hiyohiyo bila kukuuliza. Ndo maana catheter inatoka kaTHIta.

Nina mwanafunzi wangu mmoja, nesi mzoefu kabisa, alikuwa na intavyuu ya simu na hospitali moja ya nje. Akaulizwa angemhudumiaje mgonjwa aliyetoka theatre, chumba cha upasuaji, akaeleza vizuri tu mpaka akafika kwenye kaTHIta. Yule wa upande wa pili akasema samahani sijakupata. Akarudia, kaTHIta, kwa sauti kubwa zaidi. Samahani? Mara ya tatu ikabidi ataje herufi moja moja. Alikuja kwangu ameumia kweli, maana kifaa chenyewe, mrija wa mkojo, amekiweka kwa mikono yake mara zisizohesabika, halafu anaonekana kama hakijui. Na sauti zake zote zilikuwa sahihi! K sawa, th sawa, t sawa. Kilichokosewa ni mdundo tu. Sikio la mtu aliyekulia Kiingereza linakamata kwanza ile silabi iliyopigwa, halafu linatafuta neno kuanzia hapo. Wewe ukipiga THI, yeye anaenda kutafuta kwenye maneno yenye THI yenye nguvu, hakuna kitu huko. Neno ni KATH-i-ta, KATH juu, mbili zinazofuata chini na haraka. Alipolisema hivyo mara kumi mbele yangu likakaa, na mpaka leo halijamtoka.

Kwa hiyo kuhusu kuongea kama mzungu, hapana, si lazima, na kwa kweli sipendi mtu ajitese na hilo. Kwenye IELTS matamshi ni kigezo kimoja kati ya vinne vya kuongea, yaani robo ya maksi, na kinachopimwa ni kama unaeleweka bila msikilizaji kuhangaika na kama unatumia mkazo na mdundo vizuri, hawapimi lafudhi umeitoa wapi. Baki na lafudhi yako ya Mwanza, sogeza mkazo tu.

Haya, tuje kwenye kukata silabi. Hapa watu wanadanganywa na macho. Kiswahili tunaandika tunavyotamka, kila irabu unayoiona ina silabi yake, ukihesabu irabu karibu umemaliza. Kiingereza usihesabu kwa macho hata siku moja, hesabu kwa kidevu. Weka kiganja chini ya kidevu, sema neno, kila kidevu kikishuka ni silabi moja. Neno strengths lina herufi tisa na silabi moja tu. Area lina herufi nne na silabi tatu. Patient ukiliangalia unaona pa-ti-e-nt, ukilisema ni PEI-shnt, mbili basi. Temperature watu wengi wanalisema kwa silabi tatu, TEM-pri-cha, sisi tunaliweka nne mpaka tano na mkazo tunaupeleka kwenye ra, hapo mgonjwa mwenyewe haelewi unampima nini. Comfortable ni KAMF-ta-bl, tatu. Medicine Waingereza wengi wanasema MED-sin, mbili, Wamarekani ME-di-sin, tatu, zote sawa.

Na ile -ed ya mwisho, jamani, hii irekebishe wiki hii hii. Inakuwa silabi kamili pale tu kitenzi kinapoishia na sauti ya t au d: treat, treated, TRII-tid, mbili. Admit, admitted, tatu. Kwingine kote haiongezi silabi: washed ni silabi moja, WOSHT, worked ni moja, discharged ni mbili, dis-CHAJD. Ukisema wokedi na woshedi umeongeza silabi ambazo hazipo na mdundo wote unaharibika.

Kuna kitu kimoja ambacho sisi tunacho tayari na wenzetu wa lugha nyingine wanakihangaikia, sikia. Neno mtu lina silabi mbili, m na tu, ile m inasimama peke yake bila irabu, tena ndo inayobeba mkazo, M-tu. Nchi vilevile, N-chi. Basi ile -tion ya Kiingereza ni hivyohivyo, ni sh halafu n inasimama peke yake: shn. Usiseme injekSHENI, huna haja ya ile e wala ile i, acha n ijitegemee kama ya nchi. In-JEK-shn. Hospital mwisho wake ni l inayojitegemea, HOS-pi-tl. Rhythm ni RI-dhm, silabi mbili, na m yake ni m ya mtu kabisa.

Swali la wapi hasa panakatwa, kama konsonanti ya katikati ni ya silabi ya mbele au ya nyuma, usilipotezee usingizi. Wenye lugha wenyewe hawakubaliani. Vile vinukta unavyoviona kwenye kamusi katikati ya neno viliwekwa kwa ajili ya wachapaji, wajue pa kukata neno likifika mwisho wa mstari, na utamaduni wa Marekani unakata knowl-edge kwa kufuata sauti wakati ule wa zamani wa Uingereza unakata know-ledge kwa kufuata asili ya neno. Noah Webster, yule Mmarekani wa kamusi, alipotoa kitabu chake cha tahajia mwaka 1783 alikuwa anapigania jambo hilihili, watoto wakate maneno kama yanavyosikika, na ile -tion iwe silabi moja badala ya kuitenganisha ti-on. Wewe hukati karatasi, unaongea. Unachohitaji ni silabi ngapi na ipi inapigwa. Na kwenye kamusi usifuate vinukta, fuata kile kistari kidogo cha wima kilichoinuliwa juu kwenye mabano ya matamshi, kinakaa KABLA ya silabi yenye mkazo, wengi wanadhani kinakaa baada yake. Kistari kama hicho kikiwa chini ni mkazo mdogo.

Sasa kiini chenyewe. Mimi nawaambia wanafunzi wangu: usiache tabia yako ya Kiswahili ya kuhesabu kutoka nyuma, itumie. Neno refu la Kiingereza, hasa lenye asili ya Kilatini na Kigiriki, nalo linahesabiwa kutoka nyuma, tofauti ni kwamba Kiswahili karibu siku zote kinasimama ya pili na Kiingereza kinaangalia mkia kwanza ndo kiamue kisimame wapi.

Ipo mikia inayosimama ya pili kutoka mwisho, yaani sheria yetu kabisa, hapa huna cha kujifunza zaidi ya kujiamini. -tion na -sion karibu zote (television imejitoa): in-FEK-shn, o-pe-REI-shn, dii-hai-DREI-shn, hai-pa-TEN-shn, trans-FYU-zhn. -cian ya watu wa fani: pii-dia-TRI-shn, ob-ste-TRI-shn. -ic: diabetic ni daia-BE-tik, paediatric ni pii-di-AT-rik, allergic ni a-LEJ-ik. -ic ina wakaidi wachache, Arabic, Catholic, politics, arithmetic, hao kariri. Halafu kwa nyinyi wa hospitali kuna mikia miwili ya dhahabu, -itis na -osis. Hepa-TAI-tis, menin-JAI-tis, apendi-SAI-tis, a-THRAI-tis, hakuna inayotoroka. Daiag-NOU-sis, na ile tuberculosis yako iko hapa, tyu-ba-kyu-LOU-sis. Ona ulivyokuwa unaiogopa bure, neno la silabi tano linalotii sheria ya kitabu na kalamu. Ila angalia usiichanganye -osis na ndugu zake analysis, paralysis na dialysis, hao wana y badala ya o, na y hiyo ni nyepesi, mkazo unaruka nyuma: a-NA-li-sis, pa-RA-li-sis, dai-A-li-sis. Hawa wanatuingiza kwenye kundi la pili.

Kundi la pili ndo linalotuumiza Waswahili, mkazo unakaa silabi ya TATU kutoka mwisho. Hapa mdomo wako utagoma maana unataka kusimama ya pili, ulazimishe urudi hatua moja zaidi. -ity: a-BI-li-ti, na tuchukue yenu, mor-TA-li-ti, o-BII-si-ti, a-SI-di-ti. -logy na -logist: bai-O-lo-ji, kaadi-O-lo-ji, gaini-KO-lo-ji. -graphy, -metry, -cracy, -nomy. -ectomy na -ostomy za theatre: hista-REK-to-mi, treiki-OS-to-mi. -ical: SA-ji-kl, KLI-ni-kl, po-LI-ti-kl. Na vitenzi vya -ate vya silabi tatu: VAK-si-neit, ME-di-keit, O-pe-reit. Hapo ona mchezo mzuri, vaccinate mkazo uko mbele kabisa, VAK-si-neit, ukiigeuza kuwa vaccination mkia umebadilika na mkazo unakimbilia ya pili kutoka mwisho, vaksi-NEI-shn. Neno moja, mikia miwili, mikazo miwili. Ukimsikia mtu anasema vaKSIneit, ujue ni sheria ya Kiswahili imetangulia kufika.

Kundi la tatu ni dogo, mkia wenyewe unajibebea mkazo, silabi ya mwisho kabisa: -eer, -ese, -ette na mara nyingi -ee. Volan-TIA, refyu-JII, trei-NII, chai-NIIZ. Committee na coffee wamejitoa.

Halafu kuna mikia ambayo haina uzito, ni kama mizigo juu ya keria ya basi, gari halibadilishi njia kwa sababu yake. -ness, -ful, -less, -ly, -ment, -ing, -er, -ed, -ize. Hii usiihesabu. Itoe kwanza, tafuta mkazo wa neno lililobaki, halafu irudishe. Develop ni di-VE-lop, kwa hiyo development inabaki di-VE-lop-ment, na sisi tunasema deveLOPment karibu nchi nzima mpaka kwenye mikutano mikubwa. Treatment ni TRIIT-ment. Carelessness, tatu zote, KEA-les-nes, mkazo haujasogea hata kidogo.

Tuchukue familia moja tuitazame kwa karibu, nimeichagua makusudi maana sisi tunayo kwa Kiswahili. Hospitali. Kwa Kiswahili hos-pi-TA-li, ya pili toka mwisho. Kwa Kiingereza HOS-pi-tl, mkazo mbele, na zile mbili za nyuma zinafifia, hasa ile ta, a yake inapotea kabisa. Tuweke -ize: hospitalize. -ize ni mzigo wa keria, haisogezi, HOS-pi-ta-laiz, silabi nne. Tuweke -ation: hospitalization. Mkia mzito umeingia, mkazo mkuu unahama mpaka ya pili toka mwisho, hos-pi-ta-lai-ZEI-shn, silabi sita. Ila ile HOS ya mwanzo haifi, inabaki na mkazo mdogo, kwa hiyo unapata mapigo mawili, HOS kwa wastani, ZEI kwa nguvu, na katikati unapita haraka. Halafu hospitality, ukarimu, mkia -ity, ya tatu toka mwisho, hos-pi-TA-li-ti. Sasa sema hospitali ya Kiswahili halafu hospitality ya Kiingereza, sikiliza TA inavyopigwa kote kuwili! Ndo maana ukisema hospiTAL kwa mkazo wetu mzungu anaweza kusubiri umalizie -ity. Piga makofi ukiwa peke yako, kofi kubwa kwenye silabi kuu na vidole mezani kwenye nyingine, neno moja moja katika familia hii, dakika tano, utaelewa zaidi ya kurasa kumi za maelezo.

Na hapa nigusie maneno ya kuazima kwa ujumla maana ndo mtego mkubwa. Kiswahili kikiazima neno kinaliongezea irabu mwishoni na kuliwekea mkazo wake. Kama Kiingereza kilikuwa na mkazo mwisho, bahati, mkazo unabaki palepale: ho-TEL imekuwa ho-TE-li, po-LIS imekuwa po-LI-si. Hayo hayatakusumbua. Ila kama mkazo ulikuwa mwanzo, Kiswahili kimeuhamisha: BAI-si-kl imekuwa bai-s-KE-li, TE-le-vi-zhn imekuwa televi-SHE-ni, ME-ni-ja imekuwa me-NE-ja. Kila neno la Kiingereza ambalo tunalo pia kwa Kiswahili liwekee alama ya kuliangalia mara mbili, maana unajiona unalijua na kumbe unalijua la kwetu.

Sasa kama neno halina mkia hata mmoja kati ya hiyo? Historia inasaidia kidogo. Baada ya Wanormani, watu waliotoka Ufaransa, kuivamia Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikamwagika kwenye Kiingereza, na baadaye wasomi wakaongeza Kilatini na Kigiriki, kwa hiyo lugha ikawa na tabaka mbili. Tabaka la zamani ni maneno ya nyumbani, mkazo kwenye silabi ya kwanza ya mzizi: FIN-ga, SHOUL-da, EL-bou, LI-va, BE-li, haya ndo maneno ya mgonjwa anapokueleza anaumwa wapi. Tabaka la juu ni Kilatini na Kigiriki, maneno ya daktari kwenye faili. Na Kilatini kilikuwa na sheria inayofanana na yetu kwa kiasi cha kushangaza: angalia silabi ya pili toka mwisho, kama ni nzito, yaani ina irabu ndefu au imefungwa na konsonanti, mkazo unakaa hapo, kama ni nyepesi, rudi hatua moja. Pla-SEN-ta, SEN imefungwa, mkazo umekaa. Yu-RII-thra, irabu ndefu, umekaa. Daia-BII-tiiz, umekaa. YU-te-ras, te ni nyepesi, umerudi. I-SO-fa-gas, fa nyepesi, umerudi. Si kila neno linatii, lakini ukiwa huna kamusi mkononi hii ni bora kuliko kubahatisha.

Kuhusu silabi zisizo na mkazo, hili nalo ni nusu ya kazi na walimu wengi tunaliruka. Kwa Kiswahili kila irabu inapata haki yake, a ni a iwe mwanzo au mwisho. Kiingereza silabi isiyo na mkazo inanyang'anywa irabu yake, inabaki sauti fupi, imelegea, mdomo hauendi popote, wataalamu wanaiita shwa na wanaiandika kama e iliyogeuzwa juu chini. Ndo irabu inayosikika kuliko zote kwenye Kiingereza. Kwa hiyo kupiga KATH kwa nguvu haitoshi kama bado unaitendea haki kila irabu inayofuata. Huongezi sauti tu kwenye ile moja, unapunguza kwenye nyingine. Wanafunzi wangu wengi wanapiga kelele kwenye silabi kuu halafu nyingine zinabaki nene vilevile, na mdundo haubadiliki.

Maneno ya silabi mbili nayapitia haraka. Mengine ni jina na kitenzi kwa wakati mmoja, jina linapigwa mwanzo na kitenzi mwisho. TRANS-fer ya mgonjwa, ila we need to trans-FER him. DIS-charge inayotoka kwenye kidonda, ila ku-dis-CHARGE mgonjwa. TRANS-plant na trans-PLANT, IN-crease na in-CREASE, RE-cord na re-CORD. Si yote, report na result zimekaa mwisho kote kuwili.

Na usishangae ukisikia watu wawili wanasema tofauti na wote wako sawa. Maabara Muingereza anasema la-BO-ra-tri, Mmarekani LA-bra-to-ri. Capillary, Uingereza ka-PI-la-ri, Marekani KA-pi-le-ri. Respiratory nayo Wamarekani wanaipiga mwanzo, RES, na Waingereza wengi wanapiga ya pili, SPI. Chagua upande unaokwenda kufanya kazi na ubaki nao.

Namna ya kufanya mazoezi, mimi nisingekwambia ununue kitu. Chukua daftari unalobeba kwenye shifti, kila siku andika maneno matano uliyoyatamka au kuyasoma wodini siku hiyo, piga mstari chini ya mkia, hesabu, weka alama, ndo ufungue kamusi ya kwenye simu usikilize kama umepatia. Hesabu kwanza, kamusi baadaye, ukianza na kamusi kichwa hakifanyi kazi. Kisha jirekodi, si neno peke yake, liweke kwenye sentensi maana wengi wanapatia neno likiwa peke yake na kulipoteza likiwa katikati ya maongezi. Na jifunze kwa familia: allergy ni A-la-ji, allergic ni a-LEJ-ik, ukizijua pamoja zinalindana.

Tumalizie na yako matano. Tuberculosis tumeshaimaliza, -osis, LOU. Anaesthetic ina mkia wa -ic, kwa hiyo ya pili toka mwisho, anis-THE-tik. Ila yule mtu anayempa mgonjwa dawa ya usingizi, anaesthetist, amepoteza -ic na mkazo umerudi nyuma, a-NIIS-tha-tist, wajifunze wote wawili siku moja. Emergency usiihangaikie na mikia, mtafute mama yake, emerge, i-MEJ, mtoto anafuata palepale, i-ME-jn-si. Catheter ni ya sheria ya Kilatini, ya katikati ni nyepesi, rudi mwanzo, KATH-i-ta. Na physiotherapy ikate hivi: fi-zi-o-the-ra-pi, silabi sita, therapy peke yake ni THE-ra-pi, mkazo wa tatu toka mwisho, na ukiibandika fizio mbele mkazo mkuu hausogei, fizio-THE-ra-pi, ile FI ya mwanzo unaigusa tu ukipita. Isome mara tatu kwa sauti, halafu jaribu chemotherapy na radiotherapy bila mimi.